Futa Jina Langu Kwanza, Gari Lako Baadaye

Ni saa moja na nusu asubuhi, Jumatano, na Eucabeth Awuor Odero tayari amegombana na watu wawili. Wa kwanza ni mwenye duka aliyemuuzia fyuzi bandia. Wa pili ni mwandishi wa makala haya, kwa kosa la kuchelewa dakika kumi.

"Hii ndiyo shida ya nyinyi watu wa magazeti, mnakuja mkijiskia," anasema bila kumwangalia mtu. "Shika hapa. Usivute! Nimesema shika."

Amelala chali chini ya dashibodi ya gari lisilo na milango wala rangi. Meno yameuma uzi uliopakwa nta. Mikono yake inakusanya waya kumi na moja za rangi mbalimbali, inazilaza pamoja bila hata moja kupanda juu ya nyingine, kisha inazifunga. Kila baada ya upana wa vidole vitatu, fundo. Akimaliza hapo, fundo lingine.

Gari lenyewe ni la kujitengenezea. Darshan Birdi, fundi mstaafu wa mashine za mbao mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, aliagiza bodi yake ya fibaglasi kutoka Uingereza mwaka wa 2005. Ilikuja vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao. Fremu aliichomelea mwenyewe hapa nyuma ya nyumba yake, mtaa wa Section 58 mjini Nakuru, na injini akaitoa kwenye gari kuukuu la saluni. Majirani wanaliita gari hilo Sabuni kwa vile lilivyo chini na mviringo. Darshan hucheka tu.

Eucabeth hacheki. Wiki hii hana nafasi ya kucheka.

Kampuni ya bima imekubali kulikatia gari hili bima kwa masharti mawili. Liwe na swichi ya siri ya kulizuia lisiwake mikononi mwa mwizi, na fundi aliyefunga waya zake atie sahihi, pamoja na barua yenye mhuri wa polisi kwamba hana kesi. Eucabeth aliiomba barua hiyo Agosti. Akanyimwa. Jina lake limo kwenye kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, kile ambacho kila Mkenya anakiita OB, kama mshukiwa wa wizi wa gari.

Asipoleta barua kufikia Ijumaa saa kumi, kampuni italeta fundi wake. Na fundi huyo hawezi kutia sahihi kwenye kitu ambacho hajaona ndani yake. Atachukua wembe, apasue mshono wote huu wa wiki saba kutoka taa za mbele mpaka za nyuma, aangalie, kisha afunge kwa selotepu na kuandika jina lake.

"Aanze kupasua mimi," anasema Eucabeth, akitema uzi.

Ana umri wa miaka thelathini na minane. Amezaliwa Nakuru, katika nyumba za reli, na baba yake, marehemu Mzee Odero, alikuwa fundi wa waya za ishara za treni. Ndiye aliyemfundisha kufunga waya kwa uzi wa nta. Siku hizo reli haikujua mambo ya selotepu. Mzee alikuwa akimpa kamba za viatu na kumwambia azifunge, halafu anazivuta kwa nguvu zake zote. Ikilegea moja, unaanza upya.

"Alikuwa mkali, baba yangu. Anakuambia waya ni kama mtu, ukimpeleka vibaya atakuaibisha siku ya wageni. Sasa njoo uone hawa wa siku hizi. Wanaunga na karatasi ya mkate! Karatasi ya mkate, wanaichoma na kiberiti ishikane. Halafu gari ikiungua wanasema ni mapepo."

Anaenda kwenye kona ya ua na kurudi na rundo la waya nyeusi zilizogandamana. Ndizo alizozitoa kwenye ile saluni kuukuu. Amezihifadhi ili awaonyeshe watu. Mahali pamoja, waya wa honi umepitishwa kwenye taa ya kugeukia, kwa hivyo mwenye gari alikuwa akionyesha anapinda kushoto, honi inalia.

"Huyu alilipwa," anasema akitikisa rundo hilo. "Kuna mtu alimlipa huyu pesa, na hakuna polisi alimshika. Mimi ndiye nilishikwa."

Kisa cha kushikwa kwake kinawahusu yeye na mkulima mmoja wa Bahati, Hiram Muiruri. Novemba mwaka jana, Eucabeth aliifungia pikapu ya Hiram swichi ya siri chini ya kiti cha dereva. Ilikuwa kazi ya saa tatu. Wakati huo alikuwa na nafasi yake ndani ya gereji moja ya wazi karibu na barabara kuu, na kwa siku nzuri alikuwa akienda nyumbani na shilingi elfu moja na mia mbili.

Ukaja uchaguzi, na fujo za kikabila zilizofuata kila mtu wa hapa anazijua. Eucabeth na watoto wake wawili walilala Uwanja wa Afraha kwa siku kumi na sita. Aliporudi, nyumba ilikuwa imesimama lakini kisanduku chake cha vifaa kilikuwa kimekwenda. Akaazima koleo, akaanza tena. Kufikia Mei alikuwa amesharudisha nusu ya wateja wake.

Mwezi huo huo, pikapu ya Hiram ikaibwa sokoni Bahati, mchana kweupe.

Hiram hakwenda kwa mkewe kuuliza. Hakujiuliza mwenyewe. Alikwenda moja kwa moja kituoni na kusema kuwa ni watu wawili tu duniani wanaojua ile swichi iko wapi, yeye na fundi. Saa nane mchana, Land Rover ya polisi ikaingia gereji.

"Nilikuwa na bisibisi mkononi," anasema Eucabeth. "Wakaniambia niiweke chini kama silaha. Watu wote wamesimama wanaangalia. Huyo Hiram naye yuko hapo, ananyoosha kidole. Unajua alisema nini? 'Mimi nilijua, hawa watu.' Hawa watu! Watu gani? Mimi nimezaliwa hapa Nakuru! Watu gani?"

Alikaa korokoroni siku tatu. Afisa aliyemhoji, anasema, alikuwa mtu wa methali. "Ananiambia, 'Mama, siri ya mtungi aijuaye ni kata.' Nikamwambia sawa, mimi ni kata, lakini umeuliza huo mtungi ulikuwa unaongea na nani? Akaniambia nisimletee ujuaji."

Aliachiliwa kwa kukosa ushahidi. Alipofika gereji alikuta nafasi yake imepewa mwingine. Hakuna aliyemwambia ni mwizi. Walimwambia tu kwamba lisemwalo lipo, na wateja wameanza kuuliza maswali. Juni nzima alipata kazi nne.

Julai pikapu ikapatikana Sachangwan, haina betri wala magurudumu mawili, na jamaa aliyekuwa akiiuza vipande vipande akakamatwa. Ndipo ukweli ukatoka, na ukweli huo unakera kuliko uongo.

Jamaa huyo alikuwa mgeni wa Hiram mwenyewe. Desemba, wakati wa ruracio ya bintiye, wakwe walipokuja na mahari, Hiram aliwatoa wageni nje baada ya kula na kuwaonyesha pikapu yake. Akampa ufunguo kila mmoja kwa zamu. "Iwashe," akawaambia. Kila mmoja akajaribu, gari likakataa, watu wakacheka. Walipochoka, Hiram akaingia, akainama mbele ya macho ya watu arobaini, akatia mkono chini ya kiti, na pikapu ikanguruma. Akapigiwa makofi.

Aliyeyasema haya si Eucabeth. Ni Wachuka, mke wa Hiram, ambaye alimtafuta Eucabeth mwezi Julai akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni, akakataa hata kukaa kwa aibu.

Sasa mtu mwenye akili zake atauliza: baada ya hapo, Hiram alifanya nini? Alitakiwa kutembea mpaka kituoni, aseme alikosea, jina la mwanamke huyu lifutwe. Ni shughuli ya nusu saa. Alisema ana mavuno. Agosti akasema ana mgonjwa. Septemba akasema yaliyopita si ndwele.

"Si ndwele kwake," anasema Eucabeth. "Mimi bado niko kwa kitabu."

Tangu hapo amebadilisha namna yake ya kufanya kazi, na namna yenyewe imewashangaza mafundi wengi wa Nakuru. Anafunga waya za kuwashia injini mpaka mwisho, halafu anaacha waya mbili nyeupe zikining'inia, ndefu kiasi cha kufika popote ndani ya gari. Anampa mwenye gari swichi na bisibisi, anamfundisha kuifunga, kisha anatoka nje na kwenda kunywa chai. Harudi mpaka aitwe. Swichi iliko hajui, na hataki kujua.

Darshan alifanyiwa hivyo wiki iliyopita. Alitumia saa mbili na kujikata kidole.

"Hakuna mtu anajua mimi naficha wapi," anasema Darshan kwa fahari. "Hata Tara hajui."

"Najua," anasema Tara, mkewe, ambaye ameleta chai ya maziwa. "Nilifagia vipande vya waya hapo hapo. Unaficha swichi, unawacha takataka."

Darshan anageukia gari lake. "Basi nitahamisha," anasema.

"Hamisha, mzee. Mimi bado ndiye nafagia."

Eucabeth ameshaziba masikio yake kwa mikono miwili. "Msiseme mbele yangu!" anapiga kelele. "Mama Tara, tafadhali! Mnataka nirudi ndani?" Tara anacheka, lakini Eucabeth hafanyi mzaha. Haondoi mikono mpaka wabadilishe mazungumzo.

Darshan aliambiwa na wakala wa bima kwamba angeepuka usumbufu huu wote kwa kutafuta fundi mwingine tangu mwanzo. Alikataa. "Mimi nimefanya kazi na mashine miaka arobaini," anasema. "Naona waya ya huyu mama, najua huyu si mwizi. Mwizi hana subira hii." Hata hivyo anakiri kwamba ana hofu. Jumatatu gari linatakiwa kwenda kukaguliwa, na bila bima haliwezi kutoka hata nje ya lango.

Alhamisi saa nne asubuhi, lango hilo linagongwa. Anaingia mwanamume wa makamo aliyevaa koti la sweta na buti za shambani, na nyuma yake mwanamke mwenye kitambaa cha samawati kichwani. Ni Hiram Muiruri na Wachuka.

Hakuja kuomba radhi. Pikapu yake ilirudi kutoka Sachangwan waya zikiwa zimeng'olewa, na mafundi watatu wameshindwa kuiwasha. Kila mmoja aliongeza waya zake juu ya za mwenzake. Viazi vyake viko shambani vinaanza kuchipua, na lori la kukodisha linammaliza.

"Habari ya kazi, mama," anasema. "Nimeambiwa uko huku. Ile gari yetu imesumbua."

Eucabeth anaendelea kufunga fundo. Anamaliza. Anafunga lingine. Ndipo anatoka chini ya dashibodi na kusimama, na nywele zake zina vumbi la fibaglasi.

"Gari yetu?" anauliza. "Yako na ya nani?"

"Basi mama, tusirudi huko. Nitakulipa mara mbili."

"Mzee, mimi sijaomba pesa yako. Unajua jina langu?"

Hiram anajikuna kidevu. Ni dhahiri hajui. Amemtia mtu korokoroni siku tatu na hajui jina lake! Hata mwandishi anaona damu ikimpanda, sembuse mwenyewe.

"Eucabeth Awuor Odero," anajitaja. "Ulinishtaki kituoni wakaliandika. Uende ulisome, ulifute. Ukishafuta, nitaangalia gari. Kabla ya hapo hata ukiniletea ndege, siifungui."

"Nitaenda Jumatatu."

"Jumatatu sina haja na wewe. Leo."

"Leo nina..."

"Hiram," anasema Wachuka, na ni mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Twende."

Kutoka hapo mpaka kituoni ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Hiram anatangulia, Wachuka anamfuata, na Eucabeth anakuja nyuma kwa mwendo wa mtu anayeswaga ng'ombe, koleo likiwa bado mfukoni. Darshan amebaki kwake, kwa sababu Eucabeth amemwambia abaki. Hataki mtu yeyote aseme alisaidiwa na mwenye pesa.

Kaunta ina foleni. Wanangoja dakika hamsini. Konstebo aliye zamuni ni kijana mpole, mgeni hapa, ambaye hakuwepo mwezi Mei. Anatafuta kitabu cha zamani, anakipata chini ya meza, anafungua kurasa mpaka anafika.

"Ni kweli, iko hapa," anasema. "Mzee, unataka kuondoa malalamiko. Sababu?"

"Andika gari imepatikana," anajibu Hiram.

"Hapana!" Eucabeth amegonga kaunta kwa kiganja, na watu walioketi kwenye benchi wote wameinua vichwa. "Gari kupatikana hainisafishi mimi. Hata mwizi akiirudisha, gari imepatikana. Andika alinisingizia."

Konstebo anaweka kalamu chini. "Mama, hayo ni maneno mazito. Siwezi kuandika kwa mdomo wako. Lazima aseme mwenyewe." Anamgeukia Hiram. "Mzee, niandike nini?"

Hiram anaangalia kitabu. Anaangalia mlango. Ni mtu mzima, mwenye mji wake na wakwe, na benchi nzima inamsubiri. Jasho limemtoka juu ya mdomo. Mtu anaweza kumwonea huruma, lakini mwandishi anajaribu na anashindwa.

"Asiposema, nitasema mimi," anasema Wachuka kwa sauti ya chini. "Hao wageni mimi ndiye niliwapikia. Nilikuwa nimesimama hapo na sufuria nikimwona akiwaonyesha."

Hiram anakohoa.

"Andika nilimsingizia," anasema. "Watu niliwaonyesha mwenyewe. Yeye hakuonyesha mtu."

Konstebo anaandika. Anaandika polepole, na Eucabeth anafuata kila herufi akiisoma kichinichini kutoka upande wa pili wa kaunta. Hiram anatia sahihi, na Wachuka anatia yake kama shahidi. Kisha barua inachapwa, inagongwa mhuri, anakabidhiwa Eucabeth. Anaisoma mara mbili akiwa amesimama. Anaikunja. Machozi yanamtoka na anayafuta kwa nguvu kwa mkono wenye grisi, ana hasira hata na hayo machozi.

"Miezi mitano," anamwambia Hiram. "Na umechukua dakika nne. Nilikuwa nahesabu kwa saa ya ukutani."

Hiram anatangulia mlangoni.

Ijumaa saa tano na nusu barua ilikuwa mezani kwa wakala wa bima, na sahihi ya Eucabeth chini ya fomu ya kazi ya waya. Hakuna aliyepasua kitu. Jumatatu Sabuni litakwenda kukaguliwa, na Darshan amekwisha kununua rangi, ya kijani, ambayo Tara haipendi hata kidogo.

Pikapu ya Hiram nayo iliwaka Ijumaa hiyo hiyo jioni, ikiwa imevutwa kwa trekta kutoka Bahati. Eucabeth alitoa mkono mzima wa waya zisizo na kazi, akabakisha zinazotakiwa. Alimtoza bei ya kawaida, akakataa ile mara mbili. Kisha akamkabidhi swichi na bisibisi, akaenda kunywa chai.

Je, amemsamehe?

"Nimemtengenezea gari," anasema. "Hiyo ni kazi yangu. Kusamehe ni kitu kingine, na yeye mpaka leo hajaniomba. Alimwambia konstebo, hakuniambia mimi. Siku akija atanikuta, na sijui nitamjibu nini. Saa hii bado nimekasirika, na usiandike eti nimetulia."

Mipango anayo. Kuna kibanda cha mabati kilicho wazi barabara ile ile ya gereji ya zamani, mkabala kabisa na lango lake. Kodi ni shilingi elfu mbili kwa mwezi. Amelipia wa kwanza. Rafiki yake mmoja alimshauri atafute mahali pengine, mbali na wale watu, aanze upya pasipo maneno.

Hataki kusikia. Anataka pale pale, na amemwita mchora mabango Jumamosi. Gereji walizoea kumwita Mama Waya, na mchoraji alidhani ndilo atakaloandika.

"Nimemwambia hapana. Aandike Eucabeth Awuor Odero, majina yote matatu, herufi kubwa, rangi nyekundu. Wale walisimama wakiniangalia nikipandishwa Land Rover, wakifungua kazi asubuhi, wasome. Wakifunga jioni, wasome tena."